Mpira wa Mwalimu na Mteremko wa Nguba

Karatasi ya maelekezo ya umwagiliaji ilikuwa na mchoro mmoja tu: mistari iliyonyooka, miche iliyopangwa kwa rula, na ardhi bapa kutoka ukingo hadi ukingo. Aliyeuchora hajawahi kufika Bukavu. Mji huu umekaa juu ya vilima na rasi zinazoingia Ziwa Kivu upande wa kusini, na viwanja vyake vingi hupimwa kwa mita lakini hutembewa kwa magoti.

Aliyeishika karatasi hiyo, mwanzoni mwa Juni, ni mwalimu mstaafu wa fizikia anayeishi Nguba, komini ya Ibanda. Kutoka mlango wa jiko lake hadi uzio wa chini ni mita 20, na katika mita hizo ardhi inashuka mita 8. Kimo hicho alikipima mwenyewe zamani, alipokuwa akibishana na fundi wa ukuta. Akakiandika kwenye daftari, akakisahau. Chenyewe hakikumsahau.

Kiangazi cha Bukavu si kirefu. Mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei, kisha Juni, Julai na Agosti mbingu hufunga, vumbi jekundu hukalia majani ya migomba, na bustani iliyokuwa ikijiendesha huanza kudai huduma. Ya mwalimu ilikuwa na nyanya, pwaro, kabichi na lengalenga, jumla mita za mraba 40 hivi. Hesabu aliifanya ubaoni, maana ubao bado anao sebuleni na hakuna aliyethubutu kuuondoa: mboga katika jua la Julai hutaka karibu lita 4 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo lita 160, yaani bidoni 8 za lita 20. Bidoni 8 kila jioni, kwa kopo lililotobolewa matundu, na sehemu kubwa ya maji ikiishia kwenye vijia vya katikati.

“Papa, wewe unanywesha njia,” mkewe alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. “Nyanya inakuangalia tu.”

Kinachochoma moyo ni kwamba maji yapo, tena yanaonekana kutoka dirishani. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na bustani ya mwalimu iko kama mita 60 juu ya ziwa. Kila mita 10 za kupandisha maji hudai bar 1 ya msukumo, kwa hiyo bar 6 kabla hata ya kuhesabu msuguano ndani ya bomba. Pampu ya namna hiyo inakula umeme. Na umeme wenyewe? Pale ziwa linapomwagikia mto Ruzizi kuna bwawa la Ruzizi ya Kwanza, lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, ambalo maji hayohayo huligeuzia mitambo yakiwa safarini kwenda Tanganyika. Yakishuka yanatoa umeme, kuyapandisha kunataka umeme, na umeme una siku zake. Mwalimu alichora mzunguko huo ubaoni, akautazama kwa muda, akaufuta.

Ndipo likaja wazo la umwagiliaji wa matone. Si geni duniani. Katika miaka ya 1930, huko Palestina ya wakati ule, mhandisi wa maji Simcha Blass alionyeshwa mti ulionenepa kuliko wenzake ingawa hakuna aliyeumwagilia. Alipochunguza akakuta bomba linavuja karibu na mizizi, tone baada ya tone. Ilibidi plastiki ya bei nafuu ije kwanza ndipo tone lile ligeuke biashara, na mwaka 1965 kibbutz ya Hatzerim ikashirikiana naye kuanzisha kampuni ya Netafim. Kwa maneno mengine, teknolojia hii ilizaliwa na bomba bovu. Bukavu haijawahi kupungukiwa na mabomba yanayovuja. Kilichokosekana ni mtu wa kuyasimamia na kuyatazama kwa adabu.

Baadaye Mmarekani Richard Chapin alirahisisha jambo hilo kwa ajili ya wakulima wadogo: ndoo ya lita 20 iliyotundikwa kimo cha mita 1, mipira michache yenye vitundu, basi. Nchini Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI iliisambaza ndoo hiyo katika miaka ya 1990. Mwalimu alisoma habari zake akatabasamu. Ndoo? Yeye alitaka mfumo.

Vifaa vilipatikana mjini, bei ikatajwa kwa dola na chenji ikarudi kwa faranga, kama ilivyo ada. Roli ya mita 100 ya mpira mweusi wa milimita 16, wenye vitundu vya kutonesha kila sentimita 30. Kipande cha bomba nene la kugawia maji. Viungo vya T, robine, vizibo. Kwenye orodha kulikuwa na kichujio pia, lakini mwenye duka alisema hicho ni cha watu wenye mashamba makubwa, na mwalimu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akamwamini mfanyabiashara aliyemkataza kununua kitu.

“Muzee, hii unaivaa,” motari alisema, akampitishia roli kichwani hadi begani. Akaivaa. Walipita mjini hivyo, mwalimu akiwa ndani ya duara la plastiki, akijibu salamu za wanafunzi wake wa zamani kwa kidole kimoja.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo karatasi ya maelekezo ililinyamazia. Mpira wa plastiki uliokaa kwenye roli miezi mingi unataka kubaki kwenye roli. Wanaoujua huuacha juani hadi ulainike. Kisha hushika roli yenyewe na kutembea nayo wakiifungua mzunguko kwa mzunguko. Hawauvuti kwa pembeni, kwa sababu kila mzunguko unaovutwa hivyo huacha msokoto mmoja ndani ya mpira, na mpira uliosokotwa hujikunja palepale unapotaka maji yapite. Mwalimu alikata kamba zote za roli mapema asubuhi, baridi ya Bukavu ikiwa bado imeshika ardhi, akiwa amesimama juu kabisa ya kiwanja.

Roli ilifunguka kwa mruko. Ikapiga tuta la kabichi, ikajipanga upya, ikateremka mita zote 8 kwa hesabu na mita 20 kwa urefu, ikaruka uzio wa miti na kuingia uani kwa mama jirani, aliyekuwa ameanika muhogo wake chini.

“Papa mwalimu!” sauti ikapanda. “Nyoka yako imefika huku!”

Muhogo uliokotwa wote, kwa msaada wa wajukuu, na mpira ukarudishwa juu ukiwa na unga upande mmoja. Hilo lilikuwa la kwanza kati yao wawili, na mama jirani, tofauti na mwalimu, huweka kumbukumbu.

Kulikuwa na suala la kutoboa bomba la kugawia. Kifaa cha kutobolea kipo, kidogo, chenye makali ya duara yanayokata tundu safi. Mwalimu alitumia msumari uliochomwa kwenye makaa. Msumari wa moto haukati, unayeyusha, na tundu lililoyeyuka halina ukingo wa kubana kiungo. Kila T ikawa inatema mate. Dawa yake inajulikana kuanzia Mombasa hadi Kisangani: utepe wa raba iliyokatwa kutoka tairi la ndani, uzungushwe kwa hasira hadi mkono uchoke. Mara pipa la lita 200 lilipoinuliwa juu ya matofali na mpira ukashuka kutoka kwake kuelekea nyanya zilizonyauka, mtoto mmoja aliyekuwa akienda shule alisimama njiani, akatazama juu, akatazama chini.

“Papa mwalimu, mugonjwa iko wapi?”

Hadi mchana mtaa mzima ulishajua kwamba kwa mwalimu nyanya zimetundikiwa serumu. Waliokuja kuwaona wagonjwa walileta pole.

Robine ilifunguliwa saa kumi na moja jioni, mbele ya mkewe, wajukuu na watazamaji wa uzioni. Mwalimu alikuwa amefuata mchoro kwa uaminifu: bomba la kugawia juu, mipira minne ikishuka moja kwa moja hadi chini, sambamba, ya kupendeza macho. Vitundu vya juu vilitoa jasho. Vya katikati vilidondosha vizuri, kama mchoro ulivyoahidi. Vya chini vilirusha.

Sasa fizikia. Kitundu cha juu kilikuwa mita 1 chini ya maji ya pipa, kwa hiyo kilipata bar 0.1. Cha mwisho kilikuwa mita 9 chini, kikapata bar 0.9, mara tisa zaidi. Katika vitundu vya kawaida, visivyo na utando wa kusawazisha msukumo, mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha msukumo, na kipeuo cha pili cha tisa ni tatu. Mche wa chini ulikuwa unakunywa mara tatu ya mche wa juu. Mwalimu alifundisha jambo hili miaka na miaka, kwa mfano wa tungi na kopo, na kulitungia maswali ya mtihani. Hakuna mwanafunzi wake aliyekuwepo pale uzioni kumkumbusha, au kama alikuwepo, aliona afadhali anyamaze.

Pipa likaisha kabla giza halijaingia. Alipofunga robine, mchezo haukwisha: maji yaliyobaki ndani ya mipira, karibu lita 3 kwa kila mstari wa mita 20, yaliendelea kuteremka na kutokea kwenye vitundu vya mwisho. Lita 12 kwa mistari minne, zaidi ya nusu ya bidoni, kila jioni, miguuni pa uzio. Na upande wa pili wa uzio mama jirani alikuwa ameotesha mboga wa maboga, ambao tangu Mei ulikuwa umekata tamaa.

Mboga ule uliamka. Ukashika mti wa kwanza wa uzio, ukavuka wa pili, ukatoa maua. Mama jirani akampelekea mke wa mwalimu majani ya maboga ya kupika, mafungu mawili, pamoja na salamu za heri kwa kilimo cha kisasa.

Mwalimu aliyala bila kusema neno.

Kisha ukaja usiku wa mwizi. Maji ya bomba mtaani hupendelea kuja usiku, kwa hiyo mwalimu alitega mpira kutoka robine ya nyumba hadi kwenye pipa, akaacha pipa wazi ili mfumo ujiendeshe yeye akiwa amelala. Alfajiri pipa lilikuwa kavu, mfereji mpya umechimbika katikati ya pwaro, na tope limefika kwa mama jirani. Sentineli wa jirani wa juu akaitwa, akahojiwa kwa urefu, akaapa kwa mama yake. Hakuna kilichoibwa. Ni mke wa mwalimu aliyeinama penye kiungo cha T na kuuona mpira umelala peke yake, umejitenga na kiungo chake kwa upana wa kiganja.

“Imejivuta yenyewe,” alisema.

Ndivyo. Plastiki ya aina hii hurefuka karibu milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila digrii ya joto. Mwalimu hupenda mstari ulionyooka, kwa hiyo aliivuta mipira saa saba mchana na kuibana kwa miti, ikiwa imepata moto juani, labda digrii 45. Usiku wa Julai Bukavu hushuka hadi digrii 15 hivi. Digrii 30, mita 20, milimita 0.2: sentimita 12. Mpira ulihitaji kurudi sentimita 12 na haukuwa na pa kuzitoa isipokuwa kwenye kiungo. Ndiyo maana wanaojua huutandaza ukiwa umelegea, ukipindapinda kidogo, jambo ambalo kwa mtu aliyesahihisha michoro ya rula maisha yake yote ni sawa na kuombwa atembee bila viatu kanisani. Sentineli aliombwa radhi kwa sahani ya ugali na sambaza.

Mama jirani hakulalamikia maji. Alilalamikia ukuta wake, na hapo kicheko kilipungua, kwa sababu Bukavu maji kwenye mteremko si mzaha. Mwaka 2022 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti ulioongozwa na Antoine Dille kuhusu mporomoko mkubwa unaotembea polepole ndani ya mji huu, ule wa Funu. Watafiti walifuatilia mwendo wake kwa miongo saba, kwa picha za zamani za angani na za satelaiti, wakaonyesha kwamba kadiri nyumba zilivyoongezeka na njia za maji zikabadilika, sehemu za ardhi ziliongeza kasi. Kiwanja cha Nguba si Funu, lakini kila mwenye nyumba hapa anajua sauti ya ukuta unaopasuka wakati wa mvua. Maji ya tone kwa tone, yakinyonywa na mizizi, ni rafiki wa mteremko. Pipa zima likifunguliwa usiku kucha mahali pamoja ni jambo jingine.

Mengine yalikuwa madogo. Vitundu viliziba, kwa kuwa kichujio kilichosifiwa kuwa si cha lazima kilikuwa cha lazima. Mwalimu akaweka kipande cha chandarua mdomoni mwa pipa. Tundu la chandarua lina upana wa milimita moja na zaidi. Kichujio cha kazi hii huzuia kila kilichozidi milimita 0.13. Chandarua kilifanikiwa kuzuia majani, mbu na panzi mmoja. Mchanga wote ulipita. Ikafuata soksi ndefu ya mkewe ya kuendea misa, iliyofanya kazi vizuri sana hadi Jumapili.

Na kulikuwa na simbilisi. Familia nyingi za Kivu Kusini huwafuga kwa ajili ya nyama. Hawahitaji nafasi, hula majani, huzaana haraka. Wa mwalimu walikaa jikoni. Mmoja alitoka, akagundua kwamba ndani ya ule mpira mweusi kuna maji, na kwamba meno yake yanatosha. Akawaambia wenzake.

Aliyeokoa bustani ni masoni wa mtaani, mtu asiyetumia neno fizikia. Alikuja na mpira wake mwenyewe, mwembamba, unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi hujaza maji wapate usawa wa msingi. Akampa mwalimu ncha moja, akashika ya pili, akatembea kukata mteremko.

“Mwalimu, usipandishe mukono. Maji haidanganye. Piga muti hapa.”

Walipiga vijiti pale maji yalipolingana kwenye ncha mbili, na vijiti vikachora mstari ambao mwalimu asingeuchora kamwe: umepinda, umekwepa mparachichi, umerudi. Mipira ikatolewa kwenye mteremko na kulazwa juu ya mistari hiyo, ya usawa, kwenye vingazi vitatu. Sasa vitundu vyote vya mstari mmoja vilikuwa na kimo kimoja na kiu moja. Lakini kingazi cha chini bado kilikuwa chini sana ya pipa, na msukumo ungekuwa uleule. Masoni akauliza kama kuna ndoo.

Kila kingazi kikapata ndoo ya lita 20 juu ya kigingi cha mita 1, na ndani ya kila ndoo kukawekwa kifaa cha kuelea kilekile kinachofunga maji kwenye tangi la choo. Maji yakiingia ndoo hujaa, hujifunga, na msukumo wote wa kutoka juu hufia hapo. Kwenda kwenye nyanya huanza upya, bar 0.1, iwe juu au chini. Ilikuwa ndoo ya Chapin, ile ya KARI, mara tatu. Mwalimu alimweleza masoni kwamba huo ndio mfumo aliokuwa nao akilini tangu mwanzo, na masoni, ambaye alikuwa hajalipwa bado, akakubali.

Kufikia katikati ya Agosti nyanya za juu na za chini zililingana. Bidoni bado zilikuwa 8, kwa maana hakuna mpira unaobeba maji kutoka bombani hadi kwenye pipa siku bomba likiwa kavu, na wajukuu walilitaja jambo hilo kila jioni. Ila hakuna kilichokuwa kikimwagika tena njiani, wala uzioni.

Hapo ndipo mama jirani alipopanda kwa mwalimu, kitenge kimefungwa vizuri, akakaribishwa kiti, akakikataa.

“Papa mwalimu, ile maji yetu ilienda wapi?”

“Maji gani, mama?”

“Ya maboga. Maboga yangu inalala.”

Mwalimu akaanza na mlinganyo wa msukumo. Mama jirani alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akaorodhesha: muhogo uliovamiwa na mpira, tope la usiku ule, ukuta, na mafungu ya majani ya maboga ambayo yaliliwa katika nyumba hii na hayakukataliwa. Mke wa mwalimu alisema orodha ni ya kweli. Ikaamuliwa kwamba ndoo ya nne itawekwa uzioni, upande wa mwalimu, mstari wake ukipita kwenda upande wa mama jirani, na vijana wake watachangia bidoni mbili kila baada ya siku mbili, zipelekwe hadi juu kwenye pipa. Mwalimu alijaribu kusema bidoni tatu. Hakusikilizwa na upande wowote.

Kipande cha mpira kilichobaki kilikuwa na meno ya simbilisi katika sehemu mbili. Mama jirani alikinyoosha juani akakikagua, akauliza kama mwalimu hana kingine kizuri zaidi, akaambiwa hana, akashuka kwake, akarudi na tairi la ndani la pikipiki na kisu.